Nani Alikufungia Hii? Mwongozo Kamili wa Kuitangaza Biashara ya Teknolojia Arusha na Moshi

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kilombero, Arusha, alikuwa anapima misumari. Jirani yake ameegemea kaunta, macho ameyakaza kwenye skrini iliyoning'inia juu ya rafu ya rangi. Kamera nne, picha safi, hata kufuli la stoo linaonekana. Jirani akauliza, "Nani alikufungia hii?" Mama akaweka kijiko cha misumari chini, akawaza. "Vijana fulani hivi, walikuja na toyo. Namba yao ilikuwa kwenye ile simu iliyoibiwa."

Vijana hao tulikuwa sisi. Jirani mwenyewe alinisimulia miezi mitatu baadaye, kazi yake akiwa ameshampa mtu mwingine. Wakati huo tulikuwa na nembo, ukurasa wa Instagram na fulana za rangi ya bluu. Mteja ameridhika, mteja mwingine yuko mbele yake na hela mkononi, na bado tulikosa kazi kwa sababu hakuna aliyeweza kututaja.

Tangu siku hiyo kila senti ya masoko naipima kwa swali lile la kaunta. Mwongozo huu nauandika kwa anayeuza programu za maduka, mifumo ya kamera, tovuti, intaneti za ofisini au aplikesheni, akiwa Arusha au Moshi, na mtaji usioruhusu kuajiri wakala wa matangazo wa Dar.

Hatua ya 1: Sema unachouza kwa maneno ya mteja

Fungua kurasa za kampuni ndogo za teknolojia za hapa kwetu, utakuta sentensi moja inajirudia kama kiitikio cha kwaya: tunatoa masuluhisho bunifu ya kidijitali. Sijawahi kumsikia mteja akisema anatafuta suluhisho bunifu. Mwenye baa ya Kijenge anasema, "Kreti zinapungua na sijui zinaenda wapi." Mwenye kampuni ya utalii anasema, "Mgeni kaniandikia usiku, nimemjibu asubuhi, kumbe kashalipia kwingine." Mwenye shule binafsi anasema, "Mzazi anadai kalipa ada, benki inasema bado." Hayo ndiyo maneno ya kuuzia. Yaandike kama yalivyotoka mdomoni mwao, usiyapambe.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, matangazo yake hayakueleza ujumbe unavyosafiri kati ya laini ya simu na seva. Yalisema tuma pesa nyumbani, basi. Mwaka uliofuata huduma ikaingia Tanzania, na bibi wa Rombo ambaye hajui seva ni mnyama gani akaielewa siku ya kwanza.

Chukua karatasi. Andika sentensi moja yenye mambo manne: anayelipa ni nani, kinachomuuma ni nini, unamfanyia nini, na unafika wapi. Kwa mfano: "Tunafunga mfumo wa hesabu kwenye baa na maduka ya jumla ya Arusha na Moshi, ujue kila jioni kilichouzwa na kilichobaki hata ukiwa safarini." Msomee mtu asiye wa fani yako, kama mama mkwe au fundi cherehani. Akiuliza "maana yake nini?", rudi kwenye karatasi. Asipouliza, mwache alale, kesho mwulize ulimwambia unafanya kazi gani. Atakachokumbuka ndicho utakachotangaza.

Hapa wengi wanakwama kwa sababu wanauza vitu kumi. Sisi tulikuwa tunafunga kamera, tunatengeneza tovuti, tunarekebisha kompyuta, na kona moja ya ofisi tulikuwa tunaprinti kadi za harusi. Hakuna ubaya wa kufanya vitu kumi, njaa ni njaa. Ubaya ni kutangaza vyote kumi. Watu wanakumbuka mtu kwa jambo moja: huyu ni wa kamera, yule ni wa mashine za risiti. Akishaingia mlangoni kwa lile moja, mengine utamwambia mkiwa mnakunywa chai.

Hatua ya 2: Jina linalotamkika

Jina letu la kwanza lilikuwa na maneno matatu ya Kiingereza, la mwisho likiwa Solutions. Kwenye kadi lilipendeza, mdomoni likawa balaa. Tuliitwa "wale wa solusheni". Mhasibu mmoja aliliandika kwenye hundi kwa namna ambayo benki ilirudisha hundi, nikapanda daladala kwenda kuomba nyingine.

Kipimo cha jina ni ujumbe wa sauti. Jirekodi WhatsApp ukilitaja mara moja tu, kwa kasi ya kawaida, watumie watu watano na waambie wakutafute kwa jina hilo kwenye simu zao. Wakilikosea herufi watatu, hilo jina litakugharimu kila siku ya maisha ya biashara. Angalia jina kama Ubongo, shirika la Dar es Salaam linalotengeneza katuni za elimu: Mtanzania hawezi kuliandika vibaya hata akitaka. Na tafadhali, huku Kaskazini kila kitu kinaitwa Kilimanjaro, Meru, Serengeti au Safari, kuanzia bia hadi duka la matairi. Ukijiita hivyo umejificha kwenye umati.

Kama jina ulilonalo limefeli, badilisha sasa. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Tigo ikawa Yas Novemba 2024. Kampuni hizo zina hela ya kupaka rangi vibanda nchi nzima, na bado leo utamsikia mtu akisema "nitumie kwa Tigo Pesa". Wewe huna hela hiyo, kwa hiyo badilisha ukiwa na wateja 10, usisubiri wafike 500.

Jina likishapita mtihani wa sauti, lihakiki kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kisha lisajili. Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Watu wengi hawajui kwamba kusajili jina la biashara ni jambo moja, na kusajili alama ya biashara ni jambo lingine. Cheti cha jina kinakuwezesha kufungua akaunti na kupata leseni. Kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine asitumie jina na nembo yako kwenye huduma kama zako ni alama ya biashara. Nayo inasajiliwa BRELA, inadumu miaka 7 ya mwanzo, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara. Ukitaka kulindwa Zanzibar, huko kuna BPRA, wakala wao wa usajili wa biashara na mali, na maombi yake yenyewe.

Siku hiyohiyo nunua jina la tovuti la .co.tz na ushike jina hilo kwenye mitandao yote, hata ile usiyoitumia.

Hatua ya 3: Mwonekano, usikae sana hapa

Rangi mbili, herufi za aina moja, nembo inayosomeka ikichapwa nyeusi kwenye karatasi ya risiti. Ikisomeka pale itasomeka kokote. Mwombe mbunifu akupe faili ya asili inayoweza kukuzwa bila kuharibika, siyo picha tu ya kutuma WhatsApp. Nimeona watu wakibishana mwezi mzima kuhusu kijani kibichi au kijani cha majani ya kahawa huku simu ya ofisi inaita haipokelewi.

Hatua ya 4: Funguo za nyumba ziwe mfukoni mwako

Hii nitaieleza kwa undani maana iliniuma. Ukurasa wetu wa kwanza tulifunguliwa na kijana aliyekuwa anatusaidia matangazo. Alitumia barua pepe yake na namba yake. Alipopata kazi mji mwingine tuliagana vizuri, tukanywa soda, hakuna aliyekumbuka nywila. Miezi miwili baadaye namba yake ilifungwa, akaunti ikataka uthibitisho, na uthibitisho ukaenda kwenye namba isiyokuwepo. Wafuasi na picha za kazi za miaka miwili vikabaki kule ndani, tunaviona kupitia dirishani.

Fanya hivi leo kabla ya kulala. Fungua barua pepe ya biashara, ikiwezekana yenye jina lako la .co.tz. Nunua laini ya simu ya biashara, isajiliwe kwa jina la mmiliki au la kampuni, isiwe ya mfanyakazi. Akaunti zote zifunguliwe kwa viwili hivyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, zile namba za dharura zichapwe na zikae kwenye droo yenye ufunguo. Anayekusaidia kuposti mpe ruhusa ya mhariri kupitia mipangilio ya ukurasa, usimpe nywila. Laini hiyo usiache ikalala bila kuwekewa salio, maana laini iliyokaa muda mrefu bila matumizi inaweza kufungwa na namba akapewa mtu mwingine.

Usikae nyumba moja tu. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa saa kama sita. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikasumbua nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo anayeendelea kufanya kazi ni yule mwenye namba za wateja wake kwenye daftari au faili, anayeweza kupiga simu ya kawaida au kutuma meseji. Kila mwisho wa mwezi hamisha orodha ya wateja kutoka kwenye simu, ihifadhi kwingine.

Hatua ya 5: Ramani na WhatsApp kabla ya Instagram

Mtu ambaye kompyuta yake imekufa saa mbili asubuhi hafungui Instagram. Anaandika "fundi kompyuta Arusha" na kupiga namba ya kwanza anayoiona. Kwa hiyo ukurasa wako wa biashara kwenye Google Maps una thamani kuliko posti mia, na ni bure. Mara nyingi Google watataka uthibitishe kwa video: unaonyesha barabara, kibao chako, halafu unafungua mlango na kuonyesha vifaa vya kazi. Kwa hiyo kibao kiwepo kwanza, hata cha turubai.

Kwenye maelezo andika jinsi watu wa hapa wanavyoelekezana. Jina la barabara liweke, lakini ongeza "ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri, ukitokea Mnara wa Saa". Weka saa halisi za kazi. Mteja akitoka Usa River Jumamosi mchana akakuta kufuli wakati ramani inasema mko wazi, hatarudi, na ataandika.

Maoni ya wateja yaombe siku ileile ya kazi, ukiwa bado umeshika bisibisi. Mwambie, "Mama, naomba unisaidie kitu kidogo kwenye simu yako," umfungulie kiungo, aandike mwenyewe kwa Kiswahili chake. "Wamefunga kamera nne dukani, wamesafisha uchafu wao" ni maneno yanayouza kuliko nyota tano kavu. Usinunue maoni ya uongo. Mji huu ni mdogo, tutajua tu.

WhatsApp Business nayo ni bure. Weka katalogi yenye picha za kazi zako mwenyewe na bei ya kuanzia. Najua wengi wanaogopa bei, wanaandika "njoo inbox". Mimi naandika "kuanzia" na kiasi, kwa sababu asiye na hela hiyo ananiokolea muda, na aliye nayo anakuja akiwa ameshajiandaa. Tengeneza majibu ya haraka matano tu. Langu la kwanza linasomeka hivi: "Karibu sana. Ili nikupe bei ya kweli, naomba vitu viwili: picha ya mahali pa kufunga, na mtaa ulipo. Bei utaipata leo kabla ya saa kumi na mbili jioni." Ukiahidi saa kumi na mbili, iwe saa kumi na mbili.

Ujumbe wa kutuma kwa wengi kupitia orodha ya matangazo unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana ukimaliza kazi unasimama pale mpaka mteja ahifadhi jina na namba, kwa jina la kampuni, siyo "fundi kamera". Simu yake tayari ina mafundi kamera watatu.

Hatua ya 6: Video ya panya

Nilipanda darini kwenye duka moja karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Mteja alilalamika kamera mbili zimekufa. Nikamulika tochi: panya wametafuna waya, shaba inang'aa kama meno. Nikarekodi sekunde 35 na simu yangu ya kawaida, jasho linatiririka, kelele za soko ziko nyuma. Nikaonyesha waya uliotafunwa, nikaonyesha bomba la plastiki la kupitishia waya, nikasema tofauti ya gharama ya kuweka bomba siku ya kwanza na gharama ya kunirudisha. Basi. Video hiyo ilileta simu nyingi kuliko bango tulilomlipa mbunifu.

Siri yake ni kwamba sekunde tatu za mwanzo zilikuwa na tatizo ambalo mwenye duka analijua. Haikuanza na nembo ikizunguka wala na "karibuni tena kwenye ukurasa wetu". Ukitaka kuiga, kabla ya kila kazi jiulize: leo nitakuta nini ambacho mteja angetaka kukijua mapema? Adapta bandia iliyoyeyuka. Ruta iliyofichwa kabatini nyuma ya sahani. Mfumo wa baa ambao nywila yake ni 1234 na wahudumu wote wanaijua. Shika simu wima, simama pazuri kwa mwanga, sema kama unavyomwambia mdogo wako. Weka maandishi kwenye skrini kwa sababu wengi wanatazama bila sauti, wako kwenye daladala au kanisani, Mungu awasamehe. Iwe fupi, bando linauma.

Video mbili kwa wiki zinatosha ukiwa na watu watatu ofisini. Kuhusu lugha, mwenye duka mpe Kiswahili. Wenye kampuni za utalii nao ni Waswahili wenzetu, lakini wageni wao wanasoma Kiingereza na wanataka kuona kama tovuti unazotengeneza zinaeleweka huko. Kwa hao onyesha kazi kwa Kiingereza, jadiliana bei kwa Kiswahili.

Hatua ya 7: Kalenda ya Kaskazini

Vitabu vya masoko havina sura hii, na ndiyo inayotulisha. Kanda yetu ina majira yake ya hela, na majira ya kuamua hayafanani na majira ya kupata.

Chukua utalii. Juni hadi Oktoba magari ya watalii yapo porini. Ukimpigia mwenye kampuni mwezi Agosti saa nne asubuhi kumwambia habari za mfumo wa kupokea oda, ana magari sita barabarani, moja limevunja springi njia ya Serengeti, na mgeni wake amesahau pasipoti hotelini. Atakuambia "nitakupigia" na hatapiga. Mtafute Machi hadi Mei, masika, ofisi imetulia, anahesabu alichokosa msimu uliopita. Hapo ndipo anaamua tovuti mpya, hapo ndipo anataka malipo ya kadi. Mfumo uwe umekamilika kabla ya maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair ya mwezi Juni, kwa sababu pale anakutana na mawakala wa nje, na anapenda kuwaonyesha kitu kipya. Wewe usikimbilie kukodi banda kama mfuko hauruhusu. Nenda kama mtembeleaji, na kadi, na sentensi yako ya hatua ya kwanza.

Shule binafsi zinapokea hela Januari lakini zinapanga Septemba na Oktoba. Wanaouza vitu vya wakulima, iwe programu za ushirika au vipimo vya udongo, wana viwanja vya Themi pale Njiro, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, mwanzoni mwa Agosti. Beba turubai, vumbi la pale halina adabu.

Halafu kuna Desemba ya Moshi. Wachaga wanarudi nyumbani. Nyumba za Machame, Kibosho, Marangu na Rombo zinafunguliwa, kuku wanachinjwa, na mwenye nyumba anayeishi Dar anakaa barazani anaanza kuuliza nani alikata ule mgomba, na lango liliachwa wazi na nani. Huyo ni mteja wa kamera kuliko mtu yeyote nchini. Miaka miwili ya mwanzo tulitangaza Moshi mwezi Desemba na hatukuelewa kwa nini tunapata kidogo. Tatizo ni kwamba mwenye hela haishi Moshi. Siku hizi mwezi Novemba tunatangaza Dar es Salaam, maneno yakiwa haya: "Nyumba yako ya Moshi ione ukiwa Dar. Tunafunga ukiwa nyumbani Desemba hii." Wanaoweka nafasi mapema tunawapangia siku, kwa kata, ili tusipande na kushuka mlima mara tano. Januari wakisharudi Dar wanafungua simu ofisini, wanawaonyesha wenzao migomba yao. Na mwenzake wa meza ya pili anauliza swali lile la kaunta.

Sehemu ya kijijini ina mambo yake. Kabla hujaahidi, uliza mtandao upi unashika pale, umeme unakatika mara ngapi, na nani atabaki na funguo. Kamera yenye laini yake ya simu inaishi kwa bando, na mwenye nyumba lazima ajue atalipia kila mwezi. Ukimficha hilo utamkosa yeye na ukoo mzima.

Hatua ya 8: Tangazo la kulipia

Usianze kulipia kabla hatua ya 5 haijakamilika, utakuwa unaleta watu kwenye nyumba isiyo na mlango. Ukiwa tayari, chagua tangazo linalompeleka mtu WhatsApp moja kwa moja, na eneo ulichague kwa pini kwenye ramani. Ukiacha Tanzania nzima utapokea salamu nyingi kutoka Mtwara, watu wema lakini huwafikii. Kama huna kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, huduma za pesa za simu zina kadi za mtandaoni unazotengeneza kwenye menyu.

Hesabu yake ni ya daftari. Tuseme umeweka shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 5, jumla 50,000. Wakakuandikia watu 25. Kila aliyeandika amekugharimu 2,000. Kati yao wawili wakanunua, kila mteja amekugharimu 25,000. Kama kazi moja inakuachia faida ya 120,000 baada ya vifaa, nauli na posho ya kijana, endelea. Kama inakuachia 20,000, kila mteja mpya anakutia hasara, hata kama tangazo limependwa na watu elfu tatu. Jaribu matangazo mawili yanayotofautiana kitu kimoja tu, picha au maneno, ujue kipi kimefanya kazi.

Hatua ya 9: Stika na mafundi umeme

Baada ya aibu ya Kilombero tulichapisha stika ndogo ngumu, jina na namba tu, tarehe ya kufunga tunaiandika kwa kalamu isiyofutika. Inabandikwa kwenye kifaa, na nyingine pembeni ya skrini, pale jicho la jirani linapotua. Simu ikiibiwa stika inabaki.

Pili, tafuta wanaoingia ndani ya nyumba kabla yako: fundi umeme, fundi aluminiamu, msimamizi wa ujenzi. Sisi tunawapa kamisheni ya kiasi kinachojulikana, kwa simu, siku ileile mteja anapolipa, na tunamwambia mteja nani alituleta. Fundi akikosa chake mara moja tu, mtaa mzima wa Sakina utakuwa umesikia kufikia jioni.

Hatua ya 10: Lawama, na siri za watu

Kuna siku utaharibu. Sisi tulipoteza kumbukumbu za mauzo ya wiki mbili za mteja kwa sababu hatukuhakiki nakala ya akiba. Akaandika hadharani, maneno makali. Mkono uliniwasha kujibu kwamba naye alizima mashine vibaya. Nilichojibu ni hiki: "Shikamoo mzee. Ni kweli, nakala ya akiba haikufanya kazi na jukumu hilo lilikuwa letu. Kesho saa tatu nitakuwa dukani, tutaingiza upya kutoka kwenye risiti, bila malipo." Nikaenda. Siku mbili nzima nasoma risiti zilizofifia, mzee ananitazama tu. Maoni yake hakuyafuta, aliongeza mstari chini: "Walikuja." Wateja wapya wawili walinitajia mstari huo.

Kuhusu siri: wanaofunga kamera wanashawishika sana kuposti vipande vya wizi walivyovinasa. Vinatazamwa mno, kweli. Lakini picha ile ni ya mteja, na sura iliyomo ni ya mtu ambaye mahakama haijasema lolote juu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume yake. Namba za simu za wateja wa mteja wako, majina ya wanafunzi, picha za kamera, vyote vimo humo. Hata picha ya mazungumzo ya WhatsApp ya mteja anayekusifu, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuposti. Kwa biashara yetu huo nao ni utangazaji: mwenye shule akiona umeposti siri ya baa, hatakupa majina ya watoto.

Hatua ya 11: Daftari la "umetupata wapi?"

Kila simu mpya, kabla ya bei, uliza: "Samahani, umetupata wapi?" Daftari lina safu nne: tarehe, mtaa, alikotupata, amenunua au la. Mwisho wa mwezi hesabu walionunua peke yao, waliouliza tu waache. Tulipofanya hivi kwa miezi mitatu, tulitegemea Instagram iongoze. Iliyoongoza ni stika na mafundi umeme, ikafuata ramani. Instagram ilikuwa na nafasi tofauti: wengi walitupata kwingine, kisha wakaingia kule kuchungulia kama kazi zetu ni za kweli. Kwa hiyo hatukuifuta, tulipunguza muda tu, na hela ya mbunifu wa mabango tukaihamishia kwenye stika.

Anayeshika daftari awe anayepokea simu, siyo wewe unayetaka tangazo lako lionekane limefanya kazi. Na mteja akisema hakumbuki, aandike "hakumbuki". Asimjazie.